Usikubali injeksheni ing'olewe kabla haijapimwa

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja, kabureta na injeksheni, njia mbili za kuingiza petroli kwenye injini, ipi bora, ipi inakula mafuta, ipi ukae nayo. Nimechagua sita. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana kuna mtu yuko mbioni kuharibiwa gari yake na sitaki ifike huko.

Fundi shikamoo. Nipo Makambako, nina Corolla 100 yenye injini ya 5A-FE. Tangu mwezi wa nne inamisi, sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka yenyewe, moshi mweusi, na mafuta inakula kama basi. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha pampu ya mafuta, hali ni ile ile. Fundi wangu anasema hizi injeksheni ni ugonjwa wa kudumu, anayo kabureta ya injini ya zamani, anifungie nisahau habari za sensa. Nimpe kazi?

Marahaba mwanangu. Usimpe.

Moshi mweusi maana yake petroli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Injini ya petroli inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu 1 ya petroli, kabureta hivyo hivyo, injeksheni hivyo hivyo, tofauti ni nani anapima. Kwenye kabureta anayepima ni koo lenyewe, hewa ikipita pale penye wembamba inakwenda kasi, presha inashuka, petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia jeti. Kwenye gari yako anayepima ni kompyuta, nayo haioni kitu, inaambiwa tu na sensa, sensa ikidanganya na kompyuta inakosea. Kwa hiyo swali sio injeksheni ni mbaya au nzuri, swali ni nani anamdanganya mwenzake humo ndani, na hilo linapimika bila kung'oa kitu.

Anza na kitu ambacho hakikugharimu hata mia. Fungua boneti, kwenye 5A nyingi za Japani utaona kampira kembamba kanatoka kwenye manifoldi ya hewa kanaenda kwenye kisensa kidogo cha vakyumu. Hako kampira kakipasuka au kakichomoka, sensa inadhani umekanyaga mafuta mpaka mwisho, kompyuta inamwaga petroli wakati gari imesimama, na dalili zake ni hizo hizo ulizoniandikia, moshi, sailensi kucheza, plagi nyeusi. Kaguse kwa vidole, kakunje, kakiwa kagumu kama plastiki au kana ufa pale mwishoni kakate kipande au weka kengine.

Kama kapo sawa, tafuta kile kiboksi chenye kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS, chukua kipande cha waya unganisha tundu la TE1 na la E1, washa swichi bila kupiga stata, afu tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimetameta haraka haraka bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa. Ikiwaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara mbili tena, hiyo ni kodi 22, yaani namba ya kosa, sensa ya joto la maji. Mara tatu afu mara moja ni 31, sensa ya vakyumu. Mbili na moja ni oksijeni sensa. Fundi anayekwambia injeksheni ni ugonjwa na hajawahi kuiuliza gari yako swali hili la dakika mbili, huyo hajafika kwenye tatizo lako bado.

Nikupe kisa. Nililetewa gari ya aina hiyo hiyo, imepita gereji tatu, mwenyewe kachoka, kabureta tayari iko kwenye mfuko wa sandarusi kwenye buti. Taa haikuonyesha kosa lolote. Nikaiwasha ikapata moto vizuri, feni ikazunguka, nikazima, nikapima sensa ya joto la maji yenyewe kwa mita, ikasoma om 300, yaani nzima kabisa, maana ikiwa ya baridi inatakiwa om 2,000 hadi 3,000 na ikiwa ya moto 200 hadi 400. Nikapima tena mwisho wa waya, kule kunakoingia kwenye kompyuta. Om 2,600! Nikafuata waya kwa mkono, karibu na tanki la maji ya wiper nikakuta mtu kakata soketi zamani, kasokota waya kwa mkono, kafunga kwa selotepu ya madukani, ndani shaba imekuwa ya kijani. Kwa hiyo injini imechemka lakini kompyuta inaambiwa ni alfajiri ya Njombe, ikawa inamwaga petroli kama mtu aliyesahau choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa ya baridi, nje miezi minane. Nikakata, nikalehemu, nikavika kampira. Sailensi ikatulia pale pale, mwenye gari akabaki kashika boneti haongei.

Tatizo la aina hiyo halitoi kodi, ndo maana kusoma kodi peke yake hakutoshi, lazima mita. Na ndo maana nakataa kabisa huu mtindo wa kununua pampu, kununua koili, kununua nozeli moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Sasa hiyo kabureta unayotaka kufungiwa. Pampu yako ya ndani ya tenki inasukuma presha ya PSI 40 hivi, kabureta inataka 3 au 4, kisindano cha bakuli hakiwezi kuzuia presha hiyo, petroli itafurika imwagike juu ya injini ya moto, na gari zinaungua hivyo. Itabidi pampu nyingine na manifoldi nyingine. Halafu kwenye injini yako kompyuta ndo inapanga na muda wa plagi kupiga cheche, ukiitoa unahitaji distribyuta (kigawa cheche) ya zamani inayojiendesha yenyewe. Ukikosa kimoja hapo utakuwa na gari isiyo kabureta wala injeksheni, na siku ukitaka kuiuza hakuna atakayeigusa. Kama ungekuwa na 4A-F iliyotoka kiwandani na kabureta ningekwambia kaa nayo, itunze. Ile herufi E ya mwisho kwenye injini za Toyota ndo inasema injeksheni ya umeme, 4A-F ni kabureta, 4A-FE ni injeksheni, 22R kabureta, 22R-E injeksheni. Kila moja imepangwa hivyo kuanzia tenki mpaka ekzosi.

Na nikuulize kimoja, pampu ya kwanza ilikufaje? Kama unatembea na taa ya mafuta imewaka kila siku, unaweka ya elfu tano unaenda, hiyo ndo sababu. Pampu inakaa ndani ya petroli na petroli ndo inaipoza, tenki likiwa karibu kavu inapata moto na inanyonya uchafu wa chini. Robo tenki isishuke.

Mzee habari za kazi. Napiga mzigo Dar mpaka Mbeya na pickup ya zamani, 22R ya kabureta. Mchana Kitonga inazima, nikisubiri ipoe inawaka. Nikifika Mbeya haina nguvu na inatoa moshi. Fundi wa Mbeya akaipunguza mafuta ikawa tamu, lakini niliporudi Dar ikawa inachemka na inapiga bastola kwenye kabureta. Nani kakosea?

Hajakosea mtu kaka. Fundi wa Mbeya kaiseti kwa hewa ya Mbeya.

Dar upo usawa wa bahari, Mbeya upo kama mita 1,700 juu, na hewa ya kule ni nyepesi kwa kama asilimia 15 hivi. Kabureta haijui hilo. Jeti ni tundu tu la shaba, ukubwa wake ni ule ule pwani na mlimani, kwa hiyo hewa inapungua lakini petroli haipungui sawasawa nayo, mchanganyiko unakuwa mzito, moshi, nguvu hakuna. Akikuwekea jeti ndogo inakaa vizuri kule, ukishuka Morogoro hewa inakuwa nzito petroli haitoshi, injini inaunguza kavu, inapata joto kupita kiasi na kupiga bastola, na ukiendelea hivyo utachoma valvu. Gari ya injeksheni inalisoma hili yenyewe kila sekunde na hutalijua hata siku moja. Kwa mtu anayepanda na kushuka kila wiki kama wewe, hapa injeksheni inaishinda kabureta kabisa, silifichi hilo japo kabureta nimekua nayo.

Ushauri wangu rudisha jeti ya size ya kiwandani, vumilia moshi kidogo ukiwa juu, na ea klina iwe safi kweli, sio kupigwa upepo mara ya kumi. Ile skrubu ya pembeni msiichezee njiani, hiyo ni ya sailensi tu, haigusi mafuta ya mlimani.

Kuzima Kitonga ni kitu kingine. Pampu yako iko ubavuni mwa injini na inavuta petroli kwa kunyonya, gari inapanda polepole, mzigo mzito, upepo hakuna, petroli inachemka ndani ya bomba inakuwa mvuke, pampu inanyonya mvuke inabaki inatwanga hewa. Kwenye injeksheni pampu iko kwenye tenki na bomba lina presha muda wote ndo maana haichemki kirahisi. We fanya hivi, angalia bomba la mafuta linapita wapi, kama limelala karibu na ekzosi lisogeze na ulivishe. Beba kitambaa, kiloweshe, kiviringishe kwenye pampu na bomba. Kitambaa, sio ndoo ya maji juu ya injini, utapasua blok.

Na nakuomba sana, ule mchezo wa utingo kukaa juu ya injini na chupa ya soda anadondosha petroli kwenye koo la kabureta huku wewe unapiga stata, acheni. Ikipiga bastola mara moja tu moto unarudi mkononi kwake usoni kwake. Nimeona mkono wa kijana mmoja baada ya hapo na sitaki kuona mwingine.

Sasa fundi, naandika kutoka Nairobi. Babangu husema Peugeot 404 zilikuwa na injection miaka ya sitini na zikashinda Safari Rally. Mimi nilidhani injection ililetwa na kompyuta. Nani mkweli?

Mzee wako anasema kweli tupu. Peugeot 404 ya injeksheni ilishinda Safari 1966 na 1967, dereva akiwa Bert Shankland ambaye alikuwa anaishi huku kwetu Tanzania. Haikuwa na kompyuta hata kidogo, ilikuwa na pampu ya Kugelfischer inazungushwa na mkanda, inapiga petroli kwa zamu kila silinda, chuma kitupu. Mercedes 300 SL nayo ilitoka na injeksheni ya chuma mwaka 1954. Injeksheni ya umeme ya Bosch ndo ilikuja 1967 kwenye Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani.

Na kabla ya magari kulikuwa na ndege. 1940 marubani wa Uingereza walikuwa na injini za Merlin za kabureta, Wajerumani wana injini za Daimler-Benz za injeksheni. Mjerumani akifuatwa anasukuma pua ya ndege chini ghafla anaondoka, Mwingereza akimfuata hivyo hivyo petroli inaruka juu kwenye bakuli, boya linalopima petroli humo linachanganyikiwa, injini inakata. Aliyepunguza tatizo hilo ni mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, mwaka 1941 alitengeneza kisahani kidogo chenye tundu lililopimwa kupitisha mafuta yanayohitajika tu yasifurike kabureta. Kipande kidogo cha chuma. Mabinti mnaosomea ufundi na mnaambiwa gereji si pa kwenu, litunzeni jina hilo.

Kilichoitoa kabureta kwenye magari sio mwendo, ni moshi. Nchi zilipobana sheria za hewa chafu ikabidi ekzosi ziwe na katalaiza, kile kisafisha moshi, na katalaiza inataka mchanganyiko uliopimwa sawasawa muda wote, kabureta haiwezi hilo. Huku kwetu katalaiza zilichelewa pia kwa sababu petroli ilikuwa na risasi na risasi inaua katalaiza, mpaka mwanzoni mwa 2006 ndo nchi za kusini mwa Sahara zikawa zimeachana nayo.

Fundi, nataka kununua Noah, kuna moja ya D4 bei nzuri sana. Watu wananiambia D4 kimbia, chukua VVT-i. Ni kweli? Mama wa watoto wanne, Tabata.

Dada yangu, kwanza hivyo viwili sio vya kulinganisha. VVT-i ni namna valvu zinavyofunguka, D4 ni namna petroli inavyoingia, na injini moja inaweza kuwa na vyote viwili, Noah nyingi za 1AZ-FSE ziko hivyo. Injeksheni ya kawaida inapuliza petroli nje kidogo ya valvu, D4 inapuliza ndani ya silinda kwenyewe, kwa hiyo ina pampu ya pili ya presha kubwa na nozeli za bei. Faida ni mafuta. Ubaya ni kwamba petroli haipiti tena juu ya valvu kuziosha, masizi yanaganda, sailensi inaanza kutetemeka, na uchafu kidogo wa mafuta ya vituo visivyoaminika unaiumiza haraka kuliko zile nyingine.

Sio gari mbovu ila haitaki kukosewa, na kwa familia ya watoto wanne ambayo gari ikilala gereji wiki nzima shule inayumba, mimi ningetafuta isiyo D4 hata kama naongeza hela kidogo. Ukiamua kuichukua, nenda kaione asubuhi kabla haijawashwa, gusa injini iwe ya baridi kweli, muuzaji akikuambia "nimeshaipasha moto" mwambie utarudi kesho.

Shikamoo fundi. Mimi dereva wa Fuso, bosi amenunua lori jipya kidogo la common rail. Lile la zamani lilikuwa kabureta? Na kwa nini fundi wetu anaogopa kufungua nati za nozo kama zamani?

Marahaba. Lori la dizeli halijawahi kuwa na kabureta ya kuchanganya mafuta, dizeli haichanganywi na hewa nje, inapulizwa ndani ya silinda kwenye hewa iliyobanwa mpaka ikawa na joto la kuiwasha. Pampu za dizeli za Bosch zilianza kutengenezwa kwa wingi 1927, kwa hiyo malori yalikuwa na injeksheni miaka mingi kabla ya magari madogo ya saluni. Common rail ni bomba moja nene linalohifadhi presha kwa ajili ya nozo zote na kompyuta inaamua kila nozo ifunguke lini, Denso walianza kuiweka kwenye malori ya Hino mwaka 1995.

Fundi wenu yuko sahihi kuogopa na mheshimuni kwa hilo. Zamani injini ikimisi tulilegeza nati za nozo moja moja inaunguruma, tunasikiliza ipi haibadilishi mlio. Kwenye common rail presha inafika PSI 20,000 na zaidi. Uzi wa dizeli wa presha hiyo hauonekani na unapenya ngozi kama sindano, unaona kitundu kidogo, hakiumi sana, jioni mkono umevimba na mtu anaweza kukatwa vidole. Ukihisi inavuja tumia kipande cha kartoni kutafuta, kamwe usipapase kwa mkono, na ikikupata nenda hospitali saa hiyo hiyo uwaambie ni dizeli ya presha, usikubali plasta na kurudishwa nyumbani.

Mengine ni kawaida, filta ibadilishwe kwa wakati na maji yatolewe chini ya filta, mlango wa maji kwenye nozo za namna hii ni mlango wa hasara kubwa.

Oya fundi, mimi ni wa bodaboda Moro. Pikipiki inadondosha petroli chini ya kabureta ikiwa imesimama, na nikiisafisha inakaa siku mbili inarudia. Nasikia India wamehamia injeksheni, hii nibadilishe?

India kweli, tangu Aprili 2020 sheria yao mpya ya moshi imefanya pikipiki za kwao karibu zote ziwe za injeksheni, lakini nyingi tunazopanda huku bado ni kabureta na kwa kazi yako inafaa, unaifungua chini ya mwembe na spana moja.

Inayodondosha ni kisindano cha boya hakizibi. Unaisafishaje? Kama unachokonoa kwa waya wa breki basi ndo unaimaliza mwenyewe, shaba ni laini, tundu likitanuka kidogo inakula mafuta milele. Tumia petroli safi na upepo wa kompresa. Toa boya, litikise sikioni, ukisikia maji maji ndani limetoboka. Tazama ncha ya kisindano kwenye mwanga, ikiwa na alama ya duara imeliwa, nunua kipya na kiti chake kama kinatoka. Halafu fungua koki ya tenki utoe ile chujio ya ndani, nadhani utakuta imechanika, ndo maana uchafu unarudi kila siku mbili. Ukishafunga, fungua koki, iache isimame dakika tano bila kuwasha, uweke karatasi chini ya ule mpira unaoning'inia chini ya kabureta uone kama inalowana.